Weka Msasa Chini Kwanza

Ipo kazi moja ambayo sisi wachongaji wa Wamunyu hatuitangazi mbele ya wateja, nayo ni kuzeesha vitu. Upinde uliochongwa Jumatatu hupakwa rangi nyeusi ya viatu, husuguliwa kwa kitambaa, huchomwachomwa kwa chuma cha moto upate mapambo, na ikifika Ijumaa umesimama kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui ukidai umri wa miaka 80. Mtalii huupenda. Haujawahi kuvutwa, na akiuvuta kwa dhati utamvunjikia mkononi, maana ulitoka kwenye ubao wowote uliokuwa karibu.

Ndiyo maana nilicheka mwana wa kaka yangu aliponipigia simu kutoka Minnesota akitaka kinyume chake. "Baba mdogo," akasema, "ule upinde wa babu, nipigie msasa na vanishi. Uwe kama mpya. Nikija mwakani nitaubeba." Huko aliko amekuwa mwindaji. Jimbo lile lina msimu halali wa kuwinda kulungu wa kwao kwa upinde, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Desemba, na kijana anayo leseni. Alinunua upinde wa mtumba wa miaka ya 1960, uliochubuka vibaya, akaukwangua, akaupiga vanishi upya, akanitumia picha. Ulipendeza kweli. Sasa akaona kilichoufaa huo kitaufaa na wa babu yake, ambaye ni baba yangu.

Nilimwambia hapana. Na kwa kuwa swali hilihili huletwa karakana kwangu na watu wa kila namna, walimu, madereva wa matatu, hata padri mmoja aliyerithi upinde wa mjomba wake, acha nilijibu kwa urefu.

Tuanze na ule wa kijana, kwa sababu hakukosea. Upinde wa Kimarekani wa aina ile umejengwa kwa matabaka. Ndani mna vipande vyembamba vya mbao ngumu. Nje, mbele na nyuma, kuna utepe wa faibaglasi, na vyote vimeshikamanishwa kwa gundi ya epoksi. Fred Bear wa Michigan ni mmoja wa waliozieneza pinde hizo Marekani nzima kuanzia miaka ya 1950. Vanishi huja mwisho, juu ya yote, na kazi yake ni kuzuia unyevu na kuleta mng'aro tu. Ukiiondoa taratibu kwa msasa laini, wa namba 400 hivi, ukakoma pale faibaglasi inapoanza, upinde wenyewe hujaugusa. Jifunge barakoa tu, kwa sababu vumbi la faibaglasi halifai kuvutwa puani. Na tazama ubavuni kabla ya kuanza: mara nyingi kiwanda kiliandika kwa wino, chini ya vanishi, urefu wa upinde, nguvu ya kuuvuta na namba yake. Wanaokusanya pinde za kale hulipa zaidi kwa uliochubuka wenye maandishi hayo na vanishi yake ya kwanza kuliko kwa uliong'arishwa jana. Lakini kama ni wa kuwindia, na vanishi imebanduka mpaka mbao zinanyonya mvua, piga vanishi bila kujiuma vidole.

Wa baba hauna matabaka. Ni kijiti kimoja cha mkole, mti ambao kwetu tunauita mulawa, kilichokatwa kikiwa kibichi, kikamenywa, kikachongwa kwa panga na tezo, kikakwanguliwa kwa makali ya kisu, kikakauka polepole mbali na jua. Nje na ndani ni kitu kimoja. Hakuna mahali ambapo msasa unaweza kukoma ukasema sasa nimefika kwenye upinde, kwa sababu umeukata tangu mpigo wa kwanza.

Hapa ndipo watu wengi hawanielewi mpaka niwashikishe. Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaotazama windo, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Upote ukivutwa, mgongo hutanuka na tumbo hubanwa. Mbao ikibanwa kupita kiasi hujikunja kidogo, ikabaki imepinda, na upinde ukapungua nguvu lakini ukaendelea kuishi. Ikitanuliwa kupita kiasi hukatika. Basi nyuzi za mti zilizoko mgongoni zinatakiwa ziende bila kukatwa kutoka ncha hadi ncha. Fundi aliyeijua kazi yake alimenya gome tu upande ule, akauacha mgongo kama mti ulivyoukuza, pamoja na vifundo na mawimbi yake. Nguvu zake zote za kuchonga alizielekeza tumboni.

Sasa mpe mtu msasa. Anaona kifundo kimetokeza, mkono unamwasha. Anakisawazisha. Anaona wimbi, analinyoosha. Uso umekuwa laini wa kupitishia shavu, na kila alipolainisha amekata nyuzi. Siku upinde ule ukipinda tena, kibanzi kitanyanyuka palepale alipojisifu.

Halafu kuna hesabu, ambayo mimi niliifanya kwa kalamu ya seremala juu ya ubao ili nimtumie kijana picha. Ugumu wa kitu kinachopindwa haupungui sawa na unene wake. Unene huzidishwa kwa unene, kisha kwa unene tena. Chukua upinde wenye unene wa milimita 25. Ondoa milimita 1 tu, kazi ambayo msasa mkavu wa namba 60 huimaliza kabla hujachoka bega. 24 mara 24 mara 24 ni 13,824. 25 mara 25 mara 25 ni 15,625. Gawanya: umebaki na asilimia 88 ya ugumu uliokuwapo. Umeondoa sehemu 1 katika 25 ya unene, ukapoteza zaidi ya asilimia 11 ya nguvu. Na kama mkono wa juu wa upinde umeukwangua zaidi kuliko wa chini, mmoja utapinda kuliko mwenzake, na ule uliodhoofika ndio utakaobeba mzigo mpaka uvunjike.

"Lakini sitaupiga, baba mdogo. Ni wa ukutani." Hilo nalo nililitarajia. Kama ni wa ukutani, basi uso wake una thamani zaidi, kwa sababu ndicho kitu pekee utakachokuwa ukikitazama.

Weusi wa upinde wa baba haukutoka koponi. Aliupaka mafuta ya mbarika, na ya kondoo yalipopatikana, kisha akauchomeka darini jikoni, juu ya moshi. Moshi uliwafukuza wadudu wanaotoboa miti, mafuta yakazuia unyevu usiingie na kutoka kwa ghafla, na viwili hivyo vikashikana na jasho la viganja vyake vikawa gamba gumu, jeusi katikati, la kahawia iliyoiva kuelekea nchani. Hiyo ndiyo vanishi yake, na imefanya kazi kwa muda mrefu kuliko vanishi yoyote niliyowahi kuinunua Machakos. Sisi hapa kijijini tunaiigiza rangi hiyo kwa Kiwi. Kwa mbali tunafaulu. Mkononi hatujafaulu hata mara moja: rangi ya viatu huchafua kiganja, gamba la kweli halitoki.

Niliuchukua upinde ule nikaupeleka mlangoni penye mwanga wa asubuhi. Pale pa kushikia pana weusi mzito zaidi, na ukitazama vizuri unaona weusi huo umeenda chini kidogo ya katikati, basi mkono mrefu ndio wa juu. Ubavuni, juu tu ya mshikio, mishale imekwaruza mfereji mwembamba. Kwenye pinde za wazee wengine wa hapa nilizozishika, mfereji huo uko ubavu mmoja. Wa baba uko ubavu wa pili, kwa sababu baba alikuwa mashoto. Kijana naye ni mashoto, na hakuwahi kujua alirithi kwa nani, maana babu yake alipofariki yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwenye mkono wa chini pana pete ya ngozi isiyo na mshono: ni ngozi mbichi ya mkia wa ng'ombe iliyovishwa kama soksi juu ya ufa uliokuwa umeanza, ikaachwa ikauke na kubana. Ufa umesimama hapo hadi leo. Msasa ungefuta mfereji kwa dakika mbili. Na pete ile, mpiga vanishi yeyote angeikata kwanza, kwa sababu inamzuia kupitisha mkono.

Gerhard Lindblom, Msweden aliyeandika kitabu kinene juu ya Wakamba kilichochapishwa Uppsala mwaka 1920, na ambaye baadaye aliongoza makumbusho ya ethnografia ya Stockholm, alikusanya vifaa vyetu vingi akavipeleka kwao. Watunzaji wa vitu kama hivyo siku hizi hawaondoi mafuta ya mkono wa mtumiaji. Wanatoa vumbi, wanazuia wadudu, wanaacha. Kanuni yao ni rahisi: usifanye jambo ambalo mtu wa baadaye hawezi kulitengua. Vanishi hailingani na kanuni hiyo. Ili uitoe unahitaji thina, na thina haichagui. Itaondoka na vanishi pamoja na mafuta ya mzee.

Vanishi ina ubaya mwingine. Ya bei nafuu hukauka ikawa ngumu, na kwenye kitu kinachopinda hupasuka mistari midogomidogo. Unyevu hupenya katika mistari hiyo, ukakwama chini yake. Kama ndani mna mabuu wa wadudu, umewafungia nyumba nzuri.

Kabla ya kuendelea, neno juu ya mishale, kwa sababu wanaoniletea upinde mara nyingi huleta na podo lake. Usiipige msasa. Usiisugue hata kwa kitambaa. Sumu ya mishale ya kwetu hutoka kwa msunguti, ambao Kikamba huuita kivai: vijiti na mizizi huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ubaki utomvu mweusi mzito kama lami. Ndani yake mna uabaini, kemikali ambayo Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888, na ambayo kwa kipimo kidogo sana madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia kutibu moyo. Kwa kipimo cha mshale husimamisha moyo. Wawindaji walizungushia chembe ya mshale utepe wa ngozi ili sumu isikauke na isimguse mwenye podo. Mtu akidhani miaka imeimaliza sumu anajidanganya: vipimo vya mishale ya zamani iliyohifadhiwa makumbusho vimeonyesha sumu bado imo. Inaingilia penye jeraha, na vidole vya fundi havikosi mikwaruzo. Vumbi lake lina njia nyingi za kukufikia. Mishale ya baba nimeifunga kwa turubai, nikaiandika SUMU kwa herufi kubwa, ikakaa mahali ambapo wajukuu hawafiki. Hata upinde wenyewe, ukishaushika, nawa mikono kabla ya kula.

Basi nilifanya nini? Kidogo sana, na kwa mpangilio ambao mtu yeyote anaweza kuufuata nyumbani.

Nilipiga picha kwanza, pande zote. Kisha brashi laini kavu, ile ya kupakia rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, nikafagia masizi ya darini yaliyolala tu juu bila kushika. Penye kinyesi cha mjusi brashi haikutosha. Hapo nilitumia mate. Usicheke: watunzaji wa makumbusho nao hutumia mate, kwa kijiti chenye pamba nchani, kwa sababu mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu bila kulowesha mbao. (Wewe ramba pamba safi tu, usirudishe mdomoni iliyogusa upinde. Nimeshasema habari ya sumu.) Maji ya ndoo na sabuni hapana, na upinde usianikwe juani hata kama ulipata unyevu.

Baadaye nilichukua kipande cha pamba nikakipitisha mgongoni pole pole, ncha hadi ncha. Pamba ikinasa, pana ufa au kibanzi ambacho jicho halijakiona. Ya kwangu ilinasa mahali pamoja, karibu na pete ya ngozi. Nimepaacha vilevile.

Mwisho nikapaka nta ya nyuki. Ukambani ni nchi ya mizinga, nta safi hupatikana kwa muuza asali yeyote wa Kitui ukimwomba asiitupe. Chukua kiasi cha kucha ya kidole gumba, ipashe joto mkononi, ipake nyembamba kwa kitambaa mahali ambapo mbao imekauka na kupauka tu, si kwenye gamba jeusi, kisha futa kama vile umebadili nia. Inatosha. Wengine hupenda mafuta ya kitani. Sina ugomvi nayo kwenye upinde mpya. Kwenye wa kale yataongeza weusi usio wake. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe vikatupwa pembeni, kwa sababu hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze vikauke nje.

Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga mweupe, wadudu bado wako kazini. Dawa ya kunyunyiza itaharibu uso. Makumbusho mengi huvifunga vitu vya namna hiyo kwenye plastiki isiyopitisha hewa na kuvigandisha, kwa mfano wiki mbili kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Upinde hautaingia kwenye friji ya nyumbani, lakini wapo watu wenye friza ndefu za nyama, na mwenye bucha huelewa ukimweleza vizuri, na ukimlipa.

Usiuvute. Hili nalirudia kwa kila anayeniletea, na kila anayeniletea anataka kuuvuta. Mbao iliyokaa miaka mingi bila kupinda imekauka na kuzoea kulala, na upote wa kano uliokauka hukatika bila kuonya. Majirani zetu Waata wa upande wa Tsavo, waliowinda ndovu mpaka kampeni ya kuzuia ujangili ya mwaka 1956 na 1957 ilipowabana, walikuwa na pinde za kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya ratili 100, karibu kilo 45. Fikiri nguvu hiyo ikiachiliwa usoni pamoja na vibanzi. Wetu si mzito hivyo, lakini jicho ni laini. Anayetaka upinde wa kupiga aagize mpya. Mikole ipo, na wanaojua kuchonga upinde wa kweli bado wapo, ingawa si wale walioko kando ya barabara.

Kuhusu kuubeba kwenda Minnesota, hapo sheria ilinitangulia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ndipo upinde wa baba ulipopanda darini moja kwa moja, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza mtu kuwa na nyara bila kibali. Upote ule ni wa kano. Baba siku zote alisema ni za ng'ombe, na baba alikuwa mtu mwerevu aliyejua nani anasikiliza. Kama ni za twiga, basi tangu 2019 twiga naye yumo katika orodha ya wanyama ambao biashara na usafirishaji wa viungo vyao kuvuka mipaka unasimamiwa kimataifa, na kijana anaweza kusimamishwa katika uwanja wa ndege wowote kati ya huku na huko. Mwenye podo la ngozi ya chui asidhani ni urembo tu. Aende ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aulize kabla hajaulizwa. Isitoshe, nyumba za kule hupashwa joto miezi mingi ya baridi, hewa ya ndani ikakauka kabisa, na mbao iliyolelewa katika moshi wa Wamunyu ingepasuka kabla ya msimu wa kwanza kwisha.

Upinde umebaki hapa. Umelazwa juu ya vigingi viwili, upote umelegezwa, mbali na dirisha na mbali na jiko. Kijana amekubali, ingawa kwa kuguna. Nitamchongea wa mkole, wa mashoto, wenye upote wa nailoni ambao hakuna afisa atakayeutilia shaka, na huo aupige vanishi apendavyo.

Na wewe mwenye upinde nyumbani: kabla ya kuufanyia lolote, mtafute mzee aliyebaki anayeujua. Muulize nani aliuchonga, kwa mti gani, umekatwa wapi, na nani aliutumia. Yaandike majibu kwa penseli kwenye karatasi ngumu, uifunge kwa uzi wa pamba pale pa kushikia. Usiandike juu ya upinde wenyewe.